Chakula cha Ugenini: Darsa kwa Wanafunzi na kwa Wazazi Wao

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaijaza riziki za namna mbali mbali, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Wiki tatu zilizopita, baada ya kwisha darsa ya usiku wa Ijumaa, alitujia mzee mmoja katika wahudhuriaji wetu, mkononi ameshika simu yenye maneno marefu aliyoandikiwa na mwanawe aliyeko Misri. Kijana huyo ana umri wa miaka 19, na huu ni mwezi wake wa nne tangu aondoke Mombasa kwenda Kairo kutafuta elimu. Mzee akatusomea maneno yale kwa sauti ya chini, na mara mbili alisita ili apate kumeza mate.

Kijana analalamika kwa mambo matatu. La kwanza ni chakula: asubuhi ful, jioni ful, na baina ya hizo mkate mkavu. La pili ni baridi, asema maji ya udhu wa Alfajiri humkata vidole. La tatu ni lugha: yeye aliyeihitimu Ajurrumiya hapa kwetu, na walimu wake wakamsifu, hafahamu asemayo muuza mkate. Kisha akaandika mwishoni: "Baba, nimekonda, nirudishe nyumbani." Mama wa kijana halali usiku. Baba naye nauli aliikopa kwa ndugu zake, na deni bado hajalimaliza. Akatuuliza: "Sheikh, nimrudishe au nimwache?"

Hatukumjibu usiku ule. Tulimwambia atupe muda, kwani liko jambo la namna hii ambalo sisi wenyewe tuliwahi kulihukumu kwa haraka, na haraka ile nusura imwue mtu. Habari yake tutaieleza mahali pake. Na kwa kuwa vijana wetu wanaosafiri kwa ajili ya masomo leo ni wengi, wa kiume na wa kike, tumeona jawabu la mzee huyu liwe ni darsa ya wote.

Elimu na tumbo

Yapasa ijulikane kwanza kwamba shida ya chakula kwa mwenye kutafuta elimu si jambo jipya. Sisi watu wa pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Imamu huyu alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, akalelewa Makka, akaenda Madina kusoma kwa Imamu Malik, akafika Yemen na Iraki, na mwisho akahamia Misri, akafa huko mwaka 204, na kaburi lake liko Kairo mpaka leo. Zihesabu nchi hizo, ewe ndugu msomaji, kisha ujiulize: je, katika safari zote hizo alikula chakula cha mama yake?

Na msikiti wa Azhar, ulioanza kujengwa mwaka 970 wa Miladi, kwa karne nyingi ulikuwa na riwaki zake, yaani makao ya wanafunzi kwa makundi ya nchi zao. Wanafunzi wale walikuwa wakipewa mikate ya kila siku kutokana na mali ya waqfu, na mkate huo ndio uliokuwa tegemeo la maskini wengi waliosoma pale. Taha Hussein, mwandishi mashuhuri wa Misri aliyekuwa kipofu tangu utoto wake, alikwenda Azhar mwaka 1902. Katika kitabu chake "Al-Ayyam" aeleza jinsi alivyokuwa akila mkate ule kwa muda mrefu, siku baada ya siku, na kitoweo chake ni asali nyeusi ya miwa. Na ajabu ni hii: aliporudi kwao likizoni, wazee wake wakimwuliza habari za maisha yake, aliwapambia maneno ili wasihuzunike. Hatukubaliani na rai zake zote, walakini katika hili amesema la kweli ambalo kila aliyesoma ugenini analijua.

Nasi tulifanya vivyo hivyo. Tulipokuwa Kairo, mama yetu akitupigia simu kila Ijumaa, swali lake la kwanza lilikuwa: "Umekula nini?" Nasi tulimjibu: "Wali, mama, na kuku." Kuku wenyewe tulimwona mara moja katika wiki mbili. Tulidhani kuwa huko ni kumhurumia. Baadaye tulifahamu kwamba uongo ni uongo, na kwamba mzazi aliyefichwa hali ya mwanawe hawezi kumsaidia. Basi kijana huyu aliyemwandikia babake ukweli, hata kama ameuandika kwa machozi, amefanya jema kuliko tulivyofanya sisi.

Ful ni nini?

Wako watakaosoma makala haya nao hawaijui ful. Ni aina ya maharagwe makubwa, ya rangi ya hudhurungi yakikauka. Hutiwa maji katika chungu chenye shingo nyembamba, yakaachwa juu ya moto mdogo usiku kucha mpaka yalainike kabisa. Asubuhi hupondwa kidogo, yakatiwa mafuta, ndimu, chumvi na bizari nyembamba, yakaliwa kwa mkate wa duara. Kwa maharagwe hayo hayo, yakiwa yamerowekwa na kusagwa mabichi pamoja na majani ya kijani, hufanywa taamiya, ambayo ni mfano wa bajia zetu. Hicho ndicho chakula cha asubuhi cha tajiri na maskini katika mji wa Kairo.

Sasa tumwulize kijana wetu kwa upole. Ulipokuwa Mombasa ulikuwa ukila nini asubuhi? Atajibu: mahamri na mbaazi. Na jana yake? Mahamri na mbaazi. Na juzi? Mbaazi na mahamri. Basi mbaazi na ful zina tofauti gani? Zote ni punje za jamii moja, zote hupikwa mpaka zikawa laini, na zote huliwa na kitu cha unga. Tofauti ni tui la nazi, na mkono uliolikamua tui hilo. Kijana hakuchoshwa na kula kitu kimoja kila siku. Hilo amelizoea tangu utoto. Kilichomwuma ni kuwa mbali na nyumbani, naye akadhani kuwa ni njaa.

Na vyakula vingine vya huko pia vina udugu na vyetu. Mulukhiya, wanayoipenda sana Wamisri, ni jani la mlenda lililokatwakatwa na kupikwa kwa supu na kitunguu saumu. Wali wao huchanganywa na tambi zilizokaangwa, tambi ambazo sisi twazijua kwa sukari na hiliki. Kushari ni wali, dengu, makaroni na vitunguu vya kukaanga, juu yake mchuzi wa tungule, na sahani yake moja yamshibisha mtu mpaka usiku. Chai yao ni kama chai yetu ya mkandaa, ila wao hutia nanaa na sukari nyingi. Mwenye kutazama kwa jicho la insafu ataona kwamba Mwenyezi Mungu hakuwatenga waja wake kwa vyakula kama wanavyojitenga wao wenyewe.

Mambo matatu yasiyochanganywa

Hapa ndipo penye kiini cha darsa. Mwanafunzi aliye ugenini hukutana na vyakula vya namna tatu ambavyo moyo wake huvikataa, na akivichanganya hupotea.

La kwanza ni kilichoharamishwa. Hiki kina mipaka iliyo wazi katika Kitabu na Sunna: mzoga, damu, nyama ya nguruwe, kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu, na kila chenye kulewesha. Hapana mazoea hapa wala hapana aibu ya mwenyeji. Huachwa, basi.

La pili ni kilicho kigeni. Hiki ni halali, ila nafsi haikukizoea. Wengi katika sisi hukitia katika fungu la kwanza kwa ujinga. Tumewasikia watu wazima wakisema juu ya chakula cha kabila fulani au cha nchi fulani, "Hicho si chakula cha Waislamu," na haja yao ni kwamba hakina nazi! Huku ni kuifanya jiko la mama kuwa ni sheria, na mwenye kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu ametenda kosa kubwa kuliko kosa la tumbo.

La tatu ni chenye kudhuru. Chakula chaweza kuwa halali kwa watu wote, kitamu kwa watu wote, na kikawa ni sumu kwa mtu mmoja kwa sababu ya maumbile ya mwili wake.

Hadithi iliyo msingi wa mlango huu imepokewa na Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa nyama ya dhabb iliyochomwa, naye ni mnyama wa jangwani wa jinsi ya guruguru, nyumbani kwa mkewe bibi Maimuna. Alipoambiwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid, aliyekuwapo pale, akamwuliza kama ni haramu. Akamfahamisha kwamba si haramu, bali mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Basi Khalid akaivuta ile nyama akaila, na Mtume anamtazama.

Tazama, ndugu msomaji, hekima iliyomo. Mtume hakula, wala hakumkataza mwenye kula. Hakukisifu kwa unafiki, wala hakukitukana. Na Khalid naye hakumwambia, "Mbona wajidekeza?" Kila mmoja alimwacha mwenziwe na nafsi yake. Na imepokewa pia kuwa haikuwa katika tabia yake Mtume kukitia ila chakula. Ambacho nafsi ilikielekea alikila, na ambacho haikukitaka alikiacha pasi na neno. Basi kuacha ni ruhusa, na kutia ila ndiko kubaya. Hayo ni mambo mawili, wala si moja.

Kosa letu

Hapa hatuna budi kutimiza ahadi na kukiri kosa letu.

Ilikuwa mwaka 2004, mwaka wetu wa pili Kairo. Tulikuwa sita katika nyumba moja ya kupanga, ghorofa ya nne, sote watu wa pwani. Mdogo wetu kwa umri alikuwa hali ful. Tangu siku ya kwanza alisema kwamba harufu yake yamchafua roho, akawa aridhika na mkate, jibini na mayai. Sisi tulikuwa wakubwa wao, na ndio tuliokuwa tukiwasomea wenzetu maneno mafupi baada ya sala ya Isha. Usiku mmoja tukasema juu ya kiburi cha mwenye kukataa neema. Hatukumtaja jina, lakini macho yetu yalimtaja, na wenziwe wakacheka. Yeye akainamisha kichwa.

Kesho yake akakaa nasi katika sinia moja akala. Yalikuwa ni majira ya kuchipua, wakati ambapo Wamisri hula ful mbichi pia, zikiwa bado katika maganda yake ya kijani, nazo akala ili kutuonyesha kwamba hana kiburi. Sisi tukafurahi, tukamwambia, "Umeona? Hukufa."

Siku ya tatu hakuweza kuipanda ngazi. Tulipomtazama, macho yake yalikuwa manjano kama bizari, na akatuambia kwa haya kwamba mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya mkandaa. Tukamchukua hospitali. Daktari alimfunua kope, akamtazama, na swali lake la kwanza kabisa lilikuwa: "Amekula ful?" Akatueleza kwamba maradhi haya Wamisri wayajua, na yana jina lenye kutokana na chakula chenyewe. Kijana yule akatiwa damu, akalazwa siku kadhaa, na Mwenyezi Mungu akamnusuru.

Sababu yake ni hii. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kazi yake ni kuzilinda chembe hizo zisiharibike. Wako watu waliozaliwa na upungufu wake. Katika maisha ya kila siku hawajijui, wala hawana ugonjwa. Lakini wakila ful, au wakitumia baadhi ya dawa, kama primakwini inayotumiwa kwa malaria, chembe zao hupasuka kwa wingi, damu ikapungua ghafla, macho yakawa manjano na mkojo ukawa mweusi. Upungufu huu huwapata zaidi wanaume, na mtoto wa kiume huurithi kwa mama yake. Nao ni mwingi katika nchi zilizokaa na malaria kwa karne nyingi, na pwani yetu ni moja katika nchi hizo. Si kila mwenye upungufu huu hudhurika akila ful, na wengine hudhurika kidogo tu. Lakini hapana ajuaye yeye ni yupi mpaka apimwe, na kipimo chake ni cha damu.

Baadaye mama wa kijana yule alitueleza kwa simu kwamba nduguye, yaani mjomba wa kijana, alipokuwa mdogo aliwahi kugeuka manjano baada ya kupewa dawa ya homa, na watu wakasema ni kijicho. Laiti tungaliuliza. Hadithi ya dhabb tulikuwa tumeisoma mara nyingi, na mapokezi yake twayajua, tukaisahau siku ile ile tuliyoihitaji. Tulikuwa na elimu ya maneno, hatukuwa na huruma ya kuyaweka mahali pake. Kwa hiyo leo mtu akitwambia kwamba chakula fulani hakimpatani, hatumhukumu. Twamwuliza kwanza.

Mikono ya kijana

Tukiisha kusema hayo, lazima tuseme na upande wa pili, kwani wengi wanaolia ugenini hawana maradhi ya damu. Maradhi yao ni kwamba hawajui kuwasha jiko.

Sisi katika miji yetu twamfunza binti kupika tangu ana miaka minane, na kaka yake twamwacha akae barazani. Chakula chaletwa, sinia laondolewa, kanzu yafuliwa na kupigwa pasi, naye hajui kazi hizo zimefanywaje. Kisha siku moja twampandisha ndege, twamwambia, "Nenda, uwe mwanachuoni." Amekwenda na vitabu kumi na mikono miwili isiyojua kitu. Fedha za mwezi mzima humalizika kwa siku kumi katika mikahawa, na siku ishirini zilizobaki ni za njaa na za kukopa. Huyu hakushindwa na Misri, ameshindwa na malezi yetu.

Na wako wanaosema kuwa jiko si kazi ya mwanamume. Watu hawa na waisome sira. Bibi Aisha alipoulizwa juu ya mwendo wa Mtume nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akiwatumikia watu wake, na imepokewa kuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Haya ndiyo ada ya mbora wa viumbe. Ada ya barazani tumeitoa wapi?

Sisi tulijifunza kupika kwa kuunguza. Tulinunua unga wa simolina tukasonga sima, na mara ya kwanza ilikuwa na madonge kama mawe. Wali wa huko ni wa punje fupi zenye kugandana, ukiupikia maji kama ya mchele wetu huwa uji. Nazi ni adimu na ni ghali, basi tuliihifadhi kwa siku ya Idi. Baada ya miezi mitatu kila mmoja alikuwa na chakula chake anachokiweza, na siku ya kwanza tulipowaalika majirani zetu Wamisri wakala pilau yetu wakaisifu, ndipo tulipoacha kujiona wageni. Mwenye kuweza kumlisha jirani yake hawi mgeni tena.

Baridi, saa za sala, na lugha

Ama baridi, si ya kudharauliwa. Usiku wa Januari mjini Kairo joto hushuka hadi kiasi cha digrii 10 au chini yake, na nyumba nyingi hazina cha kuzipasha moto. Kijana wa Mombasa, ambaye hata mwezi wa Julai hapati usiku wa chini sana ya digrii 20, hana nguo za baridi wala hajui kuzivaa. Anunue soksi nzito na fulana ya ndani kabla ya kununua kitabu cha sharhe. Na habari ya udhu, asiyeweza kupasha maji na akachelea dhara ya kweli ana ruhusa yake katika fiqhi; lakini mwenye jiko na birika hana udhuru.

Saa za sala nazo zataka mazoea. Hapa kwetu Magharibi ya mwaka mzima haitofautiani hata kwa saa moja. Kairo, baina ya Desemba na Juni, jua hutofautiana kuzama kwa takriban saa 2. Siku za baridi Alasiri na Magharibi huandamana upesi, na aliyezoea kuisali Alasiri baada ya kuamka usingizini ataikosa. Na Ramadhani ikiangukia Juni, saumu ya huko hukaribia saa 16, hali yetu hapa ni saa 13 na kitu. Kijana na ajue haya kabla hajaondoka, asije akadhani kuwa imani yake imepungua, kumbe siku ndiyo iliyorefuka.

Ama lugha, kijana wetu asione haya. Vitabuni mkate ni "khubz", na sokoni Kairo ni "eish", neno lenye maana ya maisha. Qafu huimeza na jimu huitamka kwa namna yao. Mwenye kumwendea muuza mkate kwa nahau kamili huchekwa kwa sababu amesema kama msomaji wa khutba, wala si kwa kuwa amekosea. Na acheke pamoja nao, kisha awaulize wao wasemaje. Muuza mkate ni mwalimu asiyetaka ada. Aliyejifungia na wenzake wa pwani, wakisema Kiswahili asubuhi mpaka usiku, atarudi baada ya miaka minne hajui Kiarabu cha kitabu wala cha soko.

Methali na mpaka wake

Wazee wetu wamesema: ukenda kwenye mji wa chongo, nawe vunja lako jicho. Methali hii tunaipokea kwa nusu. Katika mkate na mchuzi, katika nguo ya baridi, katika kuamkiana na kukaa na watu, mfuate mwenyeji wala usimwonyeshe kwamba kwenu ndiko kwenye ubora. Lakini jicho la dini halivunjwi. Kwa aliyeko Misri hili ni jepesi, kwani nyama ya sokoni kwa jumla huchinjwa na Waislamu na misikiti iko kila mtaa. Walioko Uingereza, Ujerumani au Marekani wana kazi zaidi: wasome maandishi ya pakiti, wajue kwamba jelatini ya peremende na ya baadhi ya dawa huenda imetokana na nguruwe, na kwamba vitamutamu vingine hutiwa mvinyo. Hao wapike wenyewe kwa wingi, na kwa samaki, mayai na mboga watapata nafasi kubwa isiyo na shaka.

Jawabu letu kwa mzee

Sasa twarejea kwa ndugu yetu. Jawabu letu ni kuwa usimrudishe, wala usimkaripie.

Kwanza, mwambie aende apimwe damu yake kwa ajili ya G6PD, na kabla ya hapo asiiguse ful. Mwulize mkeo kama katika ndugu zake wa kiume yupo aliyewahi kugeuka manjano. Akionekana ana upungufu huo, aiache ful daima, na amweleze hivyo kila daktari atakayemtibu. Na wenzake wajulishwe wasimsimange. Pili, ikiwa ni mzima, mwambie ajipe miezi sita kamili kabla ya kusema kuwa ameshindwa. Tatu, fedha umpelekee kwa mafungu, si za miezi mitatu kwa mara moja. Nne, mama asimwulize kila siku, "Umekula?" bali amwulize, "Umepika nini?" na amsomeshe kwa simu kuchuja tui, kupika mchuzi na kukaanga yai. Machozi yatageuka kuwa kazi, na kazi hutuliza moyo. Tano, mjue rafiki zake ni nani, kwani anayekula peke yake ndiye anayekonda.

Ikiwa baada ya hayo yote afya yake itaendelea kuharibika, mrudishe, wala usione kuwa mali yako imepotea. Elimu iko nchi nyingi, na mtoto ni amana.

Na nyinyi wazazi ambao watoto wenu bado wako nyumbani, msingoje siku ya uwanja wa ndege. Kuanzia wiki hii mpeni kijana jiko siku moja, ale alichokipika hata kikiungua, na nyinyi mle pamoja naye bila ya kukitia ila.

Maswali ya darsa ijayo

1. Ni nini tofauti baina ya kukiacha chakula na kukitia ila? Toa dalili.
2. Taja chakula kimoja ambacho watu wa mtaa wako hukiita haramu na sicho. Sababu yake ni nini?
3. Khalid alikula na Mtume hakula. Wafahamu nini kuhusu adabu ya kukaa sinia moja na mwenye mazoea mengine?
4. Kila mzazi na amwulize mkewe au mama yake: je, katika ukoo wetu yuko aliyegeuka manjano baada ya dawa au chakula?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali, awape elimu yenye manufaa na riziki iliyo halali, na atusamehe sisi kwa maneno tuliyoyasema kabla ya kuuliza. Wabillahi taufiki.